Mlango wa Upande wa Bahari

Uvumi wenyewe ulimfikia Salvör ndani ya bwawa la maji moto, maji yakiwa shingoni na theluji ikimwangukia utosini, mahali ambapo mtu hana pa kukimbilia. Geirlaug wa posta alimsogelea taratibu kama kaa, akamnong'oneza kwa sauti ya huruma.

"Mwenzangu, yule kijana wa Mekkín wako. Torfi, wa kule mwisho wa barabara. Ameonekana Novemba anaendesha na tairi za kiangazi."

"Nani kamwona?"

"Kaonekana."

Basi. Ukiambiwa mtu kaonekana, huna wa kumuuliza wala wa kumkanusha. Na kwa watu wa pwani ya Strandir, heri kuambiwa mkweo mtarajiwa ni mlevi. Mlevi hulala akaamka. Lakini barabara ya kwenda Selavogur, kwao Torfi, imechongwa ubavuni mwa mlima: kushoto mawe yanayongoja zamu yao ya kuanguka, kulia bahari, na katikati barafu. Tairi za baridi zenye misumari huishika barafu hiyo kama paka anavyoshika zulia. Tairi za kiangazi hupita juu yake kama sabuni kwenye sahani.

Salvör alilala na neno lile, akaamka nalo, akalichemsha pamoja na samaki. Mumewe, ambaye alikwisha kujifunza kwa miaka mingi kwamba kujibu ni kuongeza kuni, alimwambia tu, "Muulize Mekkín."

Akamuuliza Mekkín. Mekkín alikuwa na miaka ishirini na saba, mtoto wao wa pekee, muuguzi wa zahanati ya pale mjini, na mwezi huo alikuwa na jambo zito la kuamua. Torfi alikuwa amemwomba ahamie kwake Selavogur, waishi pamoja, na yeye alikuwa ameahidi kumjibu siku ya karamu ya Thorri, ile ya katikati ya baridi.

"Moyo wangu umeshaamua, mama," alisema. "Ila nataka neno lako. Usiponipa nitakwenda vilevile, lakini nitakwenda na jiwe kifuani. Hilo unalitaka?"

"Nikupe neno langu ukafie genge la bahari na mwanamume wa tairi za..."

"Haya, twende wote kwenye karamu. Torfi atakuja kutuchukua. Utakaa naye garini saa nne nzima, umtazame unavyotaka. Sharti ni moja. Neno 'tairi' lisitoke mdomoni mwako. Ukilitaja, nakushusha na kondoo wakutunze."

Salvör aliapa. Na kwa kuwa hakuapa kuhusu mambo mengine, usiku ule alichukua penseli na karatasi ya mistari, akaandika maonyo ishirini na matatu ya mtu anayesafiri pwani wakati wa baridi. Hakuna hata moja lililotaja tairi. Alijisifu.

Torfi alifika Jumamosi saa nne asubuhi, kiza cha Januari bado hakijaondoka. Alikuwa jitu la ndevu nyekundu, sweta la sufu lenye tundu kiwikoni, na macho ya mtu anayecheka kabla hujamaliza kusema. Salvör hakumtazama macho. Alitazama chini, kwenye magurudumu. Theluji ilikuwa imeyagandia pande zote mpaka yamekuwa kama maandazi yaliyovingirishwa kwenye sukari. Hata msumari mmoja hauonekani.

"Umeangusha kitu, Salvör?" Torfi aliuliza.

"Naangalia theluji yenu ilivyo nyeupe."

Mekkín alikohoa.

Torfi akapakia mizigo. Ilikuwepo na ndoo yenye kifuniko, na ndani yake mapumbu ya kondoo dume yaliyochachushwa tangu Oktoba kwenye maji ya maziwa, kazi ya mikono ya Salvör, maana kwenye karamu ya Thorri kila nyumba huja na chakula chake.

"Ndoo nayo niifunge mkanda?"

"Ifunge vizuri," alisema Salvör. "Hiyo nimeihangaikia miezi mitatu. Wewe nimekujua juzi."

"Basi niko nyuma ya mapumbu," Torfi alimwambia Mekkín. "Angalau najua nafasi yangu."

Salvör akadai kiti cha mbele, cha kulia, upande wa bahari. Mekkín akakaa nyuma na ndoo. Wakaondoka.

Kwenye lami kavu tairi za misumari husikika, zinaparuza kama mvua ya mawe juu ya bati. Lakini asubuhi ile barabara yote ilikuwa imelala chini ya theluji, na gari lilikwenda kimya kama mtu anayetembea na soksi. Salvör alitega sikio mpaka shingo ikamuuma. Akaona ajaribu kwa njia ya mzunguko.

"Hivi watu wa Selavogur," alianza, "msimu wa baridi huvaa viatu gani? Vya soli laini, au vya soli ya kung'ata?"

"Inategemea na mtu."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi ndani huvaa vya sufu. Nje buti. Kwenye barafu natambaa."

Mekkín aliigonga siti ya mama yake kwa goti. Salvör akaitoa karatasi.

"Kijana, nimeandika mambo machache. Namba moja: usiondoke kabla ya kusikiliza hali ya hewa."

"Nimesikiliza. Upepo wa kusini-magharibi, mkali kwenye rasi."

"Namba nne: usile ukiendesha."

Torfi, aliyekuwa na kipande cha samaki mkavu shavuni, aliacha kutafuna. Alikaa nacho hivyo hivyo kwa kilomita mbili, shavu limevimba, mpaka Mekkín akamhurumia akamwambia ameze.

"Namba saba: usisimulie hadithi kwa mikono." Mikono miwili ikarudi kwenye usukani. "Namba tisa: ukisimama, geuza gari uso ulekee upepo, na mlango ushikwe kwa mikono miwili."

"Hiyo, mama mkwe, sisi hufundishwa kabla ya kutembea."

"Bado sijawa mama mkwe wako."

"Najaribu tu namna linavyosikika."

Kulipopambazuka, bahari ikajitokeza kulia, nyeusi, ina povu kila mahali, na magogo yaliyosukumwa na maji kutoka nchi za mbali yamejipanga ufukoni kama mifupa. Ghuba ya kwanza wakaizunguka, ya pili wakaizunguka. Nyumba zilikuwa chache, kisha zikaisha. Torfi aliendesha polepole kiasi kwamba Salvör hakupata kosa la kulishika, na hilo nalo likamkera. Alijiambia kwamba mtu anayekwenda polepole hivyo ana sababu. Mtu mwenye misumari ya kutosha angekwenda kama watu.

Walipokaribia rasi, uvumilivu ukamwishia.

"Simamisha gari. Nina haja."

"Dakika kumi mbele kuna nyumba tupu ina ukuta mzuri wa kujikinga."

"Mwanangu, umri wangu hauna dakika kumi."

Torfi akapunguza mwendo, akatafuta mahali palipo bapa, akasimama. "Ngoja nigeuze, upepo uko mgongoni mwetu."

Lakini Salvör alikuwa amekwisha kupiga hesabu zake. Akingoja gari ligeuzwe, Torfi atateremka kumsaidia, na akiteremka atasimama pale pale karibu na gurudumu, na msumari hautahesabiwa. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa. Mkono mmoja. Wa pili ulishika karatasi.

Mlango haukufunguka; ulichukuliwa. Upepo uliokuwa ukija kutoka nyuma uliupokea kama mtu aliyekuwa akimngoja mgeni siku nyingi, ukaubeba mpaka mbele, ukaubamiza kwenye ubavu wa gari. Bawaba zikalia kilio ambacho mtu akikisikia mara moja hakisahau. Salvör naye alikuwa amekwisha kunyanyuka nusu, akaanza kuufuata mlango wake, na angefika nao mbali kama Mekkín hangemdaka ukosi wa koti kutoka nyuma na kumrudisha kitini kama mfuko wa viazi. Kofia ilikwenda. Karatasi ya maonyo ilipanda, ikapita mbele ya kioo, ikajigeuza mara mbili juu ya maji kana kwamba inamtafuta aliyeiandika, kisha ikaenda kuwaonya samaki.

Torfi alitoka upande wake, mikono miwili kwenye mlango, akalizunguka gari huku amelishika. Akausukuma ule mlango kwa mwili mzima mpaka ukarudi. Haukufunga. Ulibaki wazi kiasi cha kiganja, umepinda, na kitasa chake kimelegea kama jino la mtoto. Akatoa kamba nene ya kuvutia magari, akaipitisha kwenye mlango, ndani ya gari, mpaka kwenye mguu wa kiti cha dereva, akafunga fundo. Akarudi kwenye usukani. Ndevu zake zilikuwa zimejaa theluji.

"Namba tisa," alisema.

Kule nyuma Mekkín alikuwa ameuma skafu yake na mabega yanamtikisika, na Salvör hakujua kama analia au anacheka, akaona heri asigeuke.

"Na haja yako?" Torfi aliuliza kwa upole.

"Imepita."

Walikwenda hivyo, theluji ikiingia kwa ule mwanya na kumkalia Salvör begani kama ndege. Saa saba mchana walifika chini ya Genge la Kunguru, pale ambapo kila mtu hunyamaza hata kama alikuwa akiimba. Theluji ilikuwa imeporomoka na kulala barabarani, si nyingi, ya magotini, upana wake kama nyumba mbili.

Torfi akasimama mbali nayo, akavuta breki ya mkono.

"Mbona umesimama?" alisema Salvör. "Hiyo inapitika."

"Gari la kusukuma theluji linakuja kutoka kwetu. Dalla analeta. Tutamngoja."

Kusikia jina la Dalla, Salvör alisahau baridi. Dalla, mwanamke wa Selavogur aliyeendesha gari la theluji, alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya karamu, na kazi ya kamati inajulikana. Kila mwaka, watu wakishashiba vichwa vya kondoo na papa aliyeozeshwa, kamati hupanda jukwaani na kuigiza upumbavu wote uliofanyika mwaka ule, kwa majina, mbele ya wenyewe. Hakuna anayesamehewa. Mwaka jana ilikuwa zamu ya kasisi, aliyejifungia ndani ya chumba cha kukaushia samaki kwa moshi. Na karamu ilikuwa jioni ile ile.

"Tupite," alisema Salvör. "Tupite sasa hivi, kabla hajaja."

"Hatupiti."

"Mimi niliyezaliwa pwani hii nakwambia inapitika! Mguu mmoja tu kwenye mafuta, tupo ng'ambo. Au unaogopa?"

"Sana," alisema Torfi.

Salvör hakulitarajia jibu hilo. Alikuwa na maneno ya kumjibu mwanamume anayejigamba, alikuwa nayo mengi, ameyatunza. Ya kumjibu anayeogopa hakuwa nayo.

"Nikiwa peke yangu hapa naogopa," Torfi aliendelea. "Nikiwa na Mekkín naogopa mara mbili. Na wewe ukitumbukia baharini, nani atanisomea namba kumi mpaka ishirini na tatu?"

Akawabadilisha viti. Salvör akawekwa nyuma ya usukani, penye hewa ya moto, na ngozi ya kondoo magotini. Torfi mwenyewe akahamia upande wa bahari, akauweka mgongo wake kwenye ule mwanya, akawa yeye ndiye mlango. Wakangoja.

Wakangoja nusu saa. Wakangoja saa nzima. Hakuna kilichoanguka kutoka juu. Hata jiwe la ukubwa wa yai halikuanguka. Salvör, Mungu amsamehe, alitamani kidogo kianguke kitu, jambo lieleweke, ili ajue nani alikuwa na haki. Hakikuanguka. Wangeweza kupita mara kumi. Na Torfi, ambaye sasa masikio yake yalikuwa na rangi ya kiazi sukari, alikaa vilevile bila kutazama saa, akimsimulia Mekkín habari za kondoo wake jike mwenye kiburi, mikono yake ikiwa imetulia mapajani, maana kusimulia kwa mikono kulikuwa kumekatazwa.

Hapo ndipo kitu kilipoanza kulegea ndani ya Salvör, lakini hakukubali kukitazama.

Taa za gari la theluji zikatokea. Dalla akasukuma lile rundo baharini kwa mikupuo mitatu, akateremka, mwanamke mfupi mnene mwenye kofia ya masikio. Akaona kamba. Akaona mlango. Akaona na kichwa cha Salvör hakina kofia.

"Nani?" aliuliza.

"Upepo," alisema Torfi.

"Upepo," alisema Mekkín.

Walisema haraka mno, wote wawili, na macho yao hayakumgusa Salvör. Akaelewa kwamba wamekwisha kukubaliana, bila kukubaliana, kumficha. Ilimuuma kuliko kuchekwa.

"Ni mimi," alisema. "Niliufungua kwa mkono mmoja, upepo ukiwa nyuma."

Uso wa Dalla uling'aa kama wa mtoto aliyeona keki. "Mkono mmoja! Wewe Salvör? Kulikuwa na nini huko nje cha kukimbilia?"

Salvör alimtazama binti yake. "Nishushe ukitaka," alimwambia. Kisha akamgeukia Dalla. "Nilitaka kuhesabu misumari ya tairi zake. Nimeambiwa anaendesha na za kiangazi. Kaonekana Novemba."

Dalla akaanza kucheka, akacheka mpaka akaliegemea jembe la gari lake.

"Mimi ndiye niliyemwona! Alisogeza gari hatua thelathini, kutoka zizini mpaka mlangoni, nipate kupita. Nikamtania mtu mmoja kwenye simu. Mmoja tu! Wiki tatu nzima mwanamume huyu alikwenda kila mahali kwa miguu, akingoja tairi mpya zije na ndege ya mizigo. Zake za misumari alikuwa amezitoa. Si mimi niliyezibeba, zote nne, kwa gari hili hili, mpaka mjini?"

"Akampa nani?"

Dalla akamwangalia Mekkín. Mekkín akashusha pumzi.

"Mama, Novemba ulinipigia simu mara nne kwa siku. Tairi, tairi, tairi zako zimeisha, mwanangu utakufa. Torfi alikuwa amekuja kwangu, alikuwa mezani anakunywa kahawa, anasikia. Magari yetu yana ukubwa mmoja. Alirudi kwao, kesho yake nikaletewa zake."

"Uliniambia umezipata dukani."

"Ningekwambia ni zake, ungenipigia kuuliza yeye sasa anaendesha na nini."

Ni kweli, angepiga. Salvör alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Alikaa kidogo na mikono yake juu ya usukani wa watu. Kisha akafungua mlango wa upande wa dereva, kwa mikono miwili, akashuka, akaufunga kwa mikono miwili, akapiga magoti kwenye theluji mbele ya gurudumu. Akakwangua kwa kucha. Misumari ikatokea, midogo, inang'aa. Akahesabu kwa sauti, na hakuna aliyethubutu kumkatiza, Torfi, aliyekwisha kurudi kwenye usukani, akilisogeza gari mbele kidogo kila aliponyoosha kidole, mpaka duara likakamilika. Mia moja na kumi na minane.

"Na hizo tatu nyingine?" Torfi aliuliza kutoka dirishani.

"Hizo nitakuamini."

Jioni ile ukumbi wa Selavogur ulikuwa umejaa. Ndoo ya Salvör iliisha kabla ya ndoo zote. Na waliposhiba, kamati ikapanda jukwaani, na wa kwanza alikuwa Dalla, amevaa sketi, hana kofia, nywele zimesimama wima, na mlango wa boksi umefungwa kiunoni kwa kamba. Alitambaa jukwaa zima kwa magoti na miwani puani, akililamba gurudumu la baiskeli kwa macho: "Hamsini... hamsini na mmoja... mama yangu, huyu kijana ni mwuaji... hamsini na miwili..."

Ukumbi ulikuwa umelala juu ya meza kwa kicheko. Watu waligeuka mmoja mmoja kumtazama Salvör, aliyekaa ameshikilia uma, uso wake kama jiwe la kaburi. Kicheko kikaanza kupungua. Mekkín aliweka mkono wake juu ya meza, karibu na wa mama yake, asiuguse.

"Mia moja na kumi na minane!" Salvör akapaza sauti. "Kama unahesabu, hesabu sawasawa!"

Ukumbi ukapasuka. Hata kasisi alipiga meza. Torfi alikuwa anafuta machozi kwenye ndevu. "Mama mkwe," alisema, akipumua kwa shida, "mama mkwe, utaniua."

Mekkín alimtazama mama yake. Salvör akachukua kipande cha papa, akakitafuna taratibu, akakimeza.

"Mwambie apunguze kucheka," alimwambia binti yake. "Ana mama mkwe mmoja tu."

Asubuhi, kabla ya safari ya kurudi, Salvör aliomba karatasi na penseli. Mekkín alihamia Selavogur mwezi wa Machi, kwenye gari lenye tairi alizopewa, na karatasi ile aliibandika ndani ya mlango wa nyumba, pale mtu anapovaa buti kabla ya kutoka. Iko mpaka leo. Imeandikwa hivi:

Usifungue mlango wa gari kabla ya kujua upepo unatoka wapi.

Usiushike kwa mkono mmoja.

Usisimame gari likiupa upepo mgongo.

Usipite chini ya Genge la Kunguru gari la theluji halijapita, hata kama theluji ni ya magotini.

Usimharakishe dereva aliyeamua kungoja.

Usisafiri bila kamba, ngozi ya kondoo na chakula cha siku mbili.

Usianze safari ya pwani baada ya saa sita mchana, Januari.

Usiamini neno la bwawani lisilo na jina la aliyeona.

Usimpigie mwanao simu mara nne kwa siku. Mara mbili zinatosha.

Usidanganye kuwa una haja.